Kijiko cha Moto wa Buluu

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ile ya kuuma vidole. Nguo ziko kwenye kamba tangu Alhamisi na bado ni mbichi.

Kaka yangu huchonga twiga na vifaru kwenye kibanda mbele ya ploti yetu hapa Umoja, Nairobi. Anakunywa chang'aa, ile pombe kali ya magendo. Kuandika hivyo peke yake si haki, kwa sababu mama yetu alipougua ni yeye aliyemwogesha, mimi nikiwa nimechoka.

Leo saa nne nimempelekea chai nikamkuta ameshika kijiko kinachowaka moto.

"Hiyo ni nini?"

"Napima. Moto wa buluu, kinywaji ni safi. Ukiwa wa njano, wamechanganya."

"Nani alikuambia?"

"Siste, hii kila mtu Industrial Area anajua. Ni wewe tu na kanisa lako hamjui."

Sikutaka kugombana, nilitaka kujua tu. Nilimwangalia twiga aliyekuwa akimpaka rangi. Madoa yalikuwa yamepakwa mpaka juu ya jicho. Kaka hakosei hivyo.

Chini ya meza huweka spiriti ya kuchanganyia vanishi, chupa yenye picha ya fuvu. Nikamimina kidogo kwenye kijiko kingine, nikawasha. Moto ukatoka wa buluu, mzuri hata kuliko wake.

"Umechanganya vijiko," akasema.

Nikasema labda. Mimi niliishia darasa la nane, kuchanganya ningeweza. Basi akaosha vijiko, akamimina mwenyewe, chang'aa kimoja, spiriti kingine. Buluu tena, vyote viwili.

Akaweka vijiko chini. "Sasa miaka hii yote nimekuwa nikipima nini?"

"Sijui."

Ndipo akaniambia kwamba tangu jana usiku anaona kama kuna nailoni mbele ya macho. Alidhani ni usingizi. Nilimvalisha koti, tukaenda hospitali kwa miguu, nimemshika mkono kwenye madimbwi.

Daktari, msichana mdogo, alimtoa damu, akamtundikia maji na dawa, akasema analazwa. Nikamuuliza kuhusu moto. Akasema moto hausemi kitu, ile spiriti ya kupofusha nayo huwaka buluu. Macho je? Akasema tumewahi kiasi, lakini jicho la kushoto hawezi kuniahidi.

Njiani nikirudi nilikuwa na hasira na yule mwanamke anayemuuzia chang'aa. Halafu nikajiuliza kama naye huwasha kijiko chake kila asubuhi, anaona buluu, anaamini. Kesho nitapita kwake nimwambie. Sijui kama atanisikia, wala kama nitaeleza vizuri.

Jioni tulikula ugali na sukuma, na omena kidogo. Mume wangu ndiye aliyepika. Chumvi ilizidi, lakini tulimaliza.