Waini Kavu kwa Keki ya Ngurario

Mutindi hasahau. Ukimkosea leo, kesho atakusalimia na kukuuliza kama watoto hawajambo, lakini moyoni ameshakuwekea kiporo. Mimi hupika kwenye sherehe hapa Kitengela, yeye humimina waini. Huu ni mwaka wetu wa tisa pamoja.

Alianza kwa kuosha glasi katika hoteli moja Nairobi. Wageni wakiondoka, alionja matone yaliyobaki, akala kipande cha nyama au keki, akaonja tena. Ndivyo alivyojua kwamba waini nyekundu kavu, ile isiyo na utamu wa sukari, inataka mbuzi mwenye mafuta, na kwamba keki inataka waini tamu kuliko keki yenyewe. Ujuzi huo ndio shamba lake. Hana lingine.

Krismasi iliyopita tulihudumu kwa Njuguna, muuza ploti. Mutindi alimnong'oneza kwamba zile chupa za waini kavu alizonunua zisiende na keki. Njuguna akapaza sauti, wafanyakazi wake wote wakasikia.

"Mama, mimi nimekunywa waini mpaka South Africa! Wewe ni wa kumimina tu. Mimina!"

Walicheka, kisha wakainywa na kuisifu, kwa sababu ni yeye anayewaandika kazi. Mutindi alimimina. Nilimwona akikunja aproni yake baadaye, polepole, mara nne, nikajua huyo mzee amekwisha.

Desemba hii Njuguna akatuita tena. Binti yake Nyawira alikuwa na ngurario, siku ambayo bwana arusi hukata bega la mbuzi mbele ya koo mbili. Mutindi alikubali haraka mno.

"Umemsamehe?" nikamwuliza.

"Kavutha, mimi nitamtii."

Niliogopa. Waini ikikataliwa, watu watasema Mutindi hajui kazi, na jina likiharibika hapa Kitengela halifuliki.

Wakwe walitoka Kona Baridi, wakiongozwa na baba wa bwana arusi, mzee Waweru, na mama yake mkongwe, bibi ambaye wote walimwita Cucu Rahab. Njuguna alikuwa amekataza muratina, ile pombe tamu ya asali wazee waliyoizoea, eti ni ya kishamba. Akashika maikrofoni. "Hii waini yote nimechagua mwenyewe. Hakuna mtu amenifunza!"

Mutindi aliyasikia hayo, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Na kwa nyama waini hiyo kavu ilikwenda vizuri, tusimnyime Njuguna haki yake. Kisha ikaja keki, sukari yake ya juu nene kama kidole. Mutindi akainama mbele ya Njuguna.

"Mzee, na keki nipeleke gani?"

"Ile ile! Si nilikuambia?"

"Sawa, mzee."

Akamimina kwa adabu zote. Cucu Rahab akala keki, akanywa, uso ukamkunjamana.

"Hii ni dawa ya nini?"

Akavuta bakuli la sukari kutoka meza ya chai, akatia vijiko vitatu, akakoroga. Mzee Waweru akaliomba bakuli. Likazunguka hema nzima, vijiko vikigonga glasi. Nilicheka nyuma ya sufuria hadi machozi, na sijutii.

Njuguna akaja mbio, jasho likimtoka.

"Mutindi, fanya kitu! Wakwe wangu wanakoroga waini kama chai!"

"Mzee, mimi ni wa kumimina tu."

"Nilikukosea, mama. Tafadhali."

"Ulinitukana mbele ya watu. Sema pale." Akamwonyesha maikrofoni.

Njuguna alitazama wakwe, akatazama binti yake aliyeinamisha kichwa kwa aibu. Akaenda. Sauti ilikuwa ndogo, lakini spika zilikuwa kubwa. "Huyu mama alinionya mwaka jana. Nikamtukana. Yeye ndiye anajua, mimi sijui."

Hapo Mutindi akafungua kisanduku chake cha barafu. Kumbe alikuja nacho tangu asubuhi: chupa nane za waini nyeupe tamu, zake mwenyewe. Alianza na Cucu Rahab. Cucu akaonja, akafumba macho, akaomba keki nyingine. Meza moja baada ya nyingine, watu wakaanza kumwuliza jina lake.

Meza ya Njuguna akaipita.

"Na mimi je?" Njuguna akauliza, glasi ya waini kavu bado imejaa mkononi.

"Wewe uko na yako, mzee. Ulichagua mwenyewe."

Akamsogezea bakuli la sukari.