Daftari la Ijumaa: karani wa Nyamianda na watoto wa askari

Saa moja kasoro robo asubuhi, Uvira. Jua linachomoza juu ya milima ya Burundi, ng'ambo ya ziwa. Katika chumba kidogo cha shule moja ya msingi mtaani Nyamianda, Protais Kashindi anavuta kamba iliyo shingoni mwake. Mwishoni mwa kamba kuna ufunguo.

Anafungua droo ya meza, anatoa muhuri wa shule na kuutia wino. Kabla ya kuugusisha karatasi ya mtu, huujaribu mara tatu juu ya gazeti kuukuu. Leo wa kwanza unatoka nusu. Wa pili unatoka umefifia.

"Kashe ni kama mzee," anasema, akiutikisa muhuri. "Haiamki mara moja."

Hafiki mara ya tatu. Honi ya lori inalia barabarani, inalia tena, na msichana anaingia bila kubisha. Ana sufuria kubwa kichwani, na mkononi amemshika mtoto wa kike mwenye sare ya shule.

"Karani! Bataliani iko inaenda leo! Meli ni ya saa sita, Kalundu. Miye niko nataka karatasi ya mutoto."

"Inaenda wapi?"

"Kalemie, kisha treni. Wamoja wanasema Kamina, wamoja wanasema Kananga. Sisi hatuulizwi, Karani. Tunafunga mizigo tu."

"Tua sufuria kwanza, weye. Nikuandikie namna gani, unanitisha na sufuria?"

Mtoto anacheka. Msichana anashika kichwa, kana kwamba alikuwa amesahau kuwa amebeba kitu, naye anacheka. Karani hacheki. Anainamia droo na kukaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Msichana huyo anaitwa Ngalula. Ana miaka kumi na sita. Mtoto ni mdogo wake, Mbombo, wa darasa la pili. Baba yao ni sajenti, mtu wa Kasai. Mama yao alifariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo Ngalula ndiye anayempikia baba, anayemfulia mdogo wake na kuuza mikate mbele ya lango la kambi.

Protais ana miaka arobaini na sita na amekuwa karani wa shule hii tangu mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mshahara wake ni zaire kumi na nne kwa mwezi. Ana watoto saba, na mke, Libérate, ambaye huwaambia majirani kuwa ameolewa na mtu mwenye wake wawili. "Mimi na kashe," anasema. "Na kashe ndiyo analala nayo shingoni."

Lakini watu wa kambini humjua Protais kwa jambo lingine: daftari la Ijumaa.

Kila Ijumaa baada ya masomo, watoto wote wa askari hupanga mstari mbele ya dirisha lake. Kila mmoja ana daftari dogo lililofungwa kwa kitambaa cha plastiki. Protais huandika alama za wiki hiyo, hupiga muhuri, na mtoto hurudi nalo nyumbani. Daftari halilali shuleni. Hata askari wakihamishwa Jumamosi alfajiri, mtoto anaondoka na maisha yake ya shule mkononi.

"Buletini, ile ripoti ya alama, inatoka mwisho wa muhula," anaeleza. "Lakini amri ya jeshi haingoji mwisho wa muhula. Mtoto anafika jimbo lingine mikono mitupu. Wanamuuliza, weye ni wa darasa gani? Anasema la nne. Wanasema, nani anajua? Kaa la pili."

Kuna tatizo la lugha pia. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili hapa Kivu akipelekwa jimbo la Ekwateri anakuta wenzake wanasoma kwa Kilingala. Akipelekwa Kasai, ni Chiluba. Mwalimu anampa kitabu, mtoto ananyamaza, na mwalimu anaandika kwamba hajui kusoma. Kwa hiyo Protais huandika lugha kwanza, alama baadaye.

Ukurasa wa mwisho wa daftari la Mbombo unasema hivi: "Wiki ya ishirini na sita. Anasoma Kiswahili bila kusita. Hesabu nane juu ya kumi. Kifaransa anakiogopa, lakini anaelewa. Msimrudishe nyuma."

Maneno hayo mawili ya mwisho yapo chini ya kila ukurasa, katika kila daftari. Tangu mwaka 1965 ametoa madaftari mia moja na kumi na nane, na kila mtoto anapoondoka, huandika pia barua kwa mwalimu mkuu wa huko aendako. Amepata majibu ishirini na saba. Ameyafunga kwa uzi. Jibu moja, kutoka Kisangani, lina mstari mmoja tu: "Mtoto amepokewa darasa la tano." Analisoma kama mtu anayesoma barua ya mwanawe.

Mwalimu mkuu, Gaspard, anakiri kwamba mwanzoni alimwona kama mtu anayejitafutia kazi. "Nilimwambia, Protais, hawa si watoto wetu, kesho wameenda. Akanijibu, ndiyo maana." Anatikisa kichwa. "Nilimuuliza fikira hiyo aliipata wapi. Hajaniambia mpaka leo."

Siku mbili kabla ya honi ile, Protais alimweleza mwandishi wa habari hii aliipata wapi. Alieleza akiangalia mlango, na alikubali iandikwe.

Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka 1964. Waasi walikuwa bondeni Ruzizi, na habari za asubuhi zilisema wamekwisha kupita Mutarule. Familia za askari ziliamriwa zipande malori kwenda Bukavu. Shule ilikuwa karibu tupu. Mwalimu mkuu wa wakati huo, Direkta kama wanavyomwita hapa, alikuwa amekwenda kutafuta gari la kuwatoa wanawe, akamwachia Protais ufunguo wa droo.

Mwanamke mmoja alifika na binti yake wa miaka kumi na mmoja. Mtoto alikuwa darasa la tano, wa kwanza kati ya wanafunzi arobaini na wawili. Mama aliomba buletini. Ilikuwa imekwisha andikwa. Ilibaki muhuri tu.

"Nilimwambia, mama, ufunguo hauko na mimi. Uko na Direkta."

Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, chini ya shati.

"Niliogopa," anasema Protais. "Nilifikiri, waasi wakifika watauliza nani alipiga kashe karatasi za familia za askari. Mwandiko ni wangu. Makarani walikuwa wanauawa kwa kujua kuandika tu. Na nilikuwa na hasira. Wiki ile askari walichukua madawati yetu kumi na mawili wakapikia. Nikajiambia, wacha nao wakose. Lakini mtoto hakuchoma dawati."

Mama alisubiri nje karibu saa nzima, labda Direkta atarudi. Kisha lori likapiga honi.

Jioni ile Protais alitia karatasi za shule katika sanduku la bati, akalibeba mgongoni na kupanda milima hadi Rurambo. Mfugaji mmoja, Semana, alilificha miezi sita katika nyumba ya ndama. Vita vilipotulia Uvira, Semana alimrudishia sanduku akacheka: "Ndama zangu zimesoma, Karani. Zingine ziko darasa la sita sasa." Mpaka leo karatasi za mwaka ule zinanuka moshi na maziwa.

Buletini ya mtoto yule ilikuwamo. Jina juu yake ni Ngalula.

Mwezi wa tisa mwaka jana, sajenti mmoja aliyehamishiwa Uvira alikuja kumwandikisha binti yake mdogo. Protais alipouliza jina la baba, kalamu yake ilisimama: lilikuwa lile lile lililo kwenye buletini. Wiki iliyofuata mtoto aliletwa na dada yake, na karani akamtambua. Kwa miezi minane Ngalula amefika dirishani, amesalimu, ameuliza habari za Mbombo, ameondoka. Kwa miezi minane Protais amesema, "Anaendelea vizuri," na amefunga dirisha.

Ngalula mwenyewe aliwahi kueleza kilichompata, akikaanga mikate langoni, bila kulalamika. Bukavu hawakusoma. Kananga walimweka darasa la tatu. "Nilikuwa murefu kuliko wote," alisema. "Walikuwa wananiita Mama Mwalimu. Asubuhi naingia, wanasimama, wananisalimia kwa kunichekelea. Nikavumilia miezi miwili. Kisha nikamwambia mama, nipe karai la mikate."

Aligeuza mkate. "Hesabu ilibaki. Kwa kurudisha chenji sikosei."

Ndiye huyu anayesimama sasa mbele ya meza, sufuria ikiwa sakafuni. Kazi yenyewe haichukui hata dakika kumi. Daftari la Mbombo limekamilika. Protais anaongeza mistari ya wiki hii, anapiga muhuri, unatoka mzima. Anaandika barua mbili, moja ya Kamina na moja ya Kananga, kwa kuwa hakuna anayejua.

"Utatoa ile ya kweli, nyingine utachana," anamwambia Ngalula.

"Asante, Karani. Mungu akubariki. Wengine hawawatendei watoto wa askari hivi."

Protais anafungua kinywa. Mwandishi anamwona akigusa kamba shingoni.

"Safari njema," anasema.

Ngalula anapandisha sufuria kichwani. Mbombo anageuka mlangoni na kupunga daftari. Lori linaondoka.

Protais anakaa. Anaufuta muhuri kwa kitambaa, anaurudisha, anafunga droo. Anaifungua tena. "Nimeshindwa tena," anasema. Anatoa buletini ya mwaka 1964, anaipiga muhuri, anaipuliza wino ukauke. Kisha anatoka kuchukua baiskeli yake ukutani.

"Panda nyuma, dada," anamwambia mwandishi. "Nikiwa peke yangu nitageuza njiani."

Njia ya Kalundu inafuata ziwa. Akina mama wameanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, pembeni, na karani anawakwepa bila kuwasalimu, jambo ambalo si kawaida yake. Akiwa anahema, anaeleza anachotaka. Anataka mkaguzi wa jimbo akubali daftari la Ijumaa litumike katika kila kambi, kutoka hapa mpaka Mbandaka, ili mtoto asitegemee karani mmoja mwenye moyo. Ameandika barua mara tatu. Ataandika ya nne.

"Kwa kuwa siku karani akiogopa," anasema, "mtoto awe tayari na karatasi yake."

Bandarini ni magodoro, mbuzi, kuku waliofungwa miguu, watoto wanaoitwa majina kwa lugha tano. Mwanajeshi mmoja anapiga kelele: "Karani naye anahamishwa? Leteni kashe yake!" Watu wanacheka. Ngalula amekaa juu ya furushi, anamsuka Mbombo.

Anasimama. "Kuna kosa kwenye karatasi?"

"Hakuna. Karatasi ya Mbombo iko sawa." Protais anamkabidhi buletini. Kingo zimekuwa za kahawia. "Hii ni yako."

Ngalula anapitisha kidole juu ya alama, moja baada ya nyingine, mpaka chini palipoandikwa "nafasi ya kwanza". Wino wa muhuri bado unang'aa. Anainusa karatasi.

"Siku ile nilimwambia mama yako ufunguo uko na Direkta," anasema Protais. Sauti yake ni ndogo, na honi ya meli inaifunika. Anangoja inyamaze, kisha anavuta kamba kutoka ndani ya shati na kuanza upya. "Nilisema uongo. Ufunguo ulikuwa hapa. Ulikuwa na mimi. Nisamehe, mtoto wangu."

Ngalula anaitazama kamba.

"Niliiona," anasema. "Siku ile ile. Ilikuwa inaonekana hapo shingoni. Nilimwambia mama ndani ya lori. Akanipiga kofi, akasema, karani wa shule hawezi kudanganya."