Mpiga Gitaa Aliyekataa Kuzeeka Pamoja Nasi

Tumemzika Ijumaa, hapa Ikwiriri, baada ya swala. Walikuwepo mjane wake, aliyeachwa mara mbili na kurudi mara mbili kwa mume huyo huyo. Mwanawe wa kwanza, ustadhi wa Ngarambe. Shemeji zake wa kijiji cha Mkongo, waliowahi msibani kuliko walivyopata kuwahi harusini. Na mpiga besi, mwanabendi pekee aliyebaki, ambaye sasa hasikii, jambo ambalo kwa bendi yao halikuwa kasoro. Na mimi, mtoto wa shangazi yake, kwa hiyo mtani wake. Majina yote ninayo, ya hao na ya baba zao, lakini safu hii haitaji mtu, basi nayameza. Nililala kizingitini kuzuia jeneza lisitoke mpaka nipewe changu, kama ada ya watani inavyotaka, nikamwambia marehemu kwamba leo ndiyo mara yake ya kwanza kutoka nyumbani bila kujitazama kwenye kioo. Watu wakacheka. Mjane hakucheka, na sababu yake ndiyo iliyonikalisha niandike.

Kwa msiomjua, alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa wa dansi. Tulipokuwa wasichana, akipiga huko Kibiti, watu walitoka huku kwa miguu kwenda kumsikia. Haya. Miaka ikapita, sisi tukawa mabibi, yeye akakataa. Nywele akazitia piko kuficha mvi. Suruali yake ya bugaluu, ya enzi za ujana, akaitanua kiunoni kwa kitambaa cha rangi nyingine, akadhani shati litaficha. Msimu uliopita, ufuta ulipouzwa na watu wakachangamka, akapanda jukwaani Kibiti. Wimbo wa pili haujaisha, jasho likashuka na piko lake, michirizi myeusi mpaka kwenye kola. Alipofika penye sauti ya juu, pale ambapo zamani tulishika vifua, akatugeuzia maiki tumwimbie. Tumwimbie na pumzi ya nani? Tukakohoa. Lakini tusimcheke peke yake. Alipojaribu wimbo mpya, sisi ndio tuliopiga kelele kutaka ule wa zamani. Tulitaka awe kijana ili nasi, na magoti yetu yaliyopakwa dawa ya kuchua, tuwe wasichana tena. Ukishampa mzee kazi kama hiyo, usimlaumu akipaka piko.

Aliposhuka jukwaani akaanguka. Daktari akasema ni moyo. Mkewe akaogopa kwamba siku moja atamfia mbele za watu, bugaluu na yote, akanituma mimi nikamwambie aache, kwa kuwa mtani hakasirikiwi. Hapo ndipo tulipokosea, maana mtani haaminiwi vilevile. Nilimwambia sauti yake imehama na haikuacha hata salamu. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Binamu," akasema, "nikikaa nyumbani mtamcheka nani? Mtabaki mnatazamana."

Akaniahidi kiti cha mbele kwenye dansi la Mkongo.

Basi mkewe akamwita mwana. Yule hatanii. Alikuja na kanzu yake iliyopigwa pasi, akazungumza na baba yake kwa upole kuhusu umri, wajukuu, heshima na siku ya hesabu. Mzee akasikia. Gitaa likavikwa kanga, likapandishwa juu ya kabati. Piko likaachwa, na baada ya wiki chache kichwa kikawa cheupe pepe. Wote tukasifu, na mimi nikiwemo, tukasema sasa amekuwa mtu mzima. Akawa anashinda barazani, msafi, amenyooka, hana shida na mtu wala mtu hana shida naye.

Nilimtembelea katika mwezi wa tatu wa heshima hiyo. Nikaanza kama kawaida yetu. Nikamwambia amefanana na marehemu mama yangu, ndevu tu ndizo zinamtofautisha. Nikamwambia gitaa lake litaota uyoga. Nikamwambia mpiga besi anatafuta mwimbaji, safari hii anayejua kuimba. Kisha nikamwachia zamu yake. Akasema, macho yako barabarani, "Ni kweli, binamu."

Tangu tukiwa watoto wa kutumwa maji, hakuwahi kukubaliana nami jambo hata moja. Niliingia ndani nikamwambia mkewe amteremshie mume wake gitaa. Akasema, "Atakufa." Hakuliteremsha, na mume amekufa, kitandani, kwa heshima zake zote. Jeneza lilipokwisha kutoka, mjane alinisogelea pale mkekani akaniuliza polepole kama alikosea. Nikampisha mkekani, akakaa.

Nanyi mnaoona aibu kwa wazee wenu walioko majukwaani, kabla hamjawaambia washuke, angalieni kwanza mnawashushia wapi. Kama nimechanganya mwezi au shemeji, mliokuwepo nisahihisheni. Ila kwa lile alilonijibu barazani msijisumbue. Tulikuwa wawili tu, na nimebaki mimi.