Mlango wa Gereji ya Venant

Kutulia ndiko kulikomshinda Venant. Miaka yote kiwandani Nyakato alikuwa msimamizi wa mashine za nyuzi, na kazi ya msimamizi ni kuzunguka: gusa hapa, chungulia pale, ukizubaa tu uzi umekatika. Ubinafsishaji ulipokuja akapunguzwa kazini, ila miguu yake ikaendelea na zamu.

Gari alishauza, gereji ikabaki tupu. Akafuga vifaranga humo. Jua likiwaka bati liliwachoma, mvua ikinyesha upepo wa ziwani ulipenya kila tundu. Kundi la kwanza likafa lote. Mkewe, Rebeka, akauza cherehani yake kununua kundi la pili, akasema bila kupepesa macho kwamba hili nalo likifa, yeye na watoto wanarudi kwao Magu.

Basi Venant akachachamaa. Akajaza pumba za mpunga kwenye magunia, akayapigilia chini ya bati na kwenye kuta zote, akaacha kidirisha juu ili moshi utoke. Jiko la mkaa akaliweka katikati, kipimajoto ukutani. Hata jirani yao Mayala, mtu mgumu wa kusifu, aliisifu kazi ile.

Lakini wapi. Vifaranga walizidi kurundikana na kukanyagana kwa baridi, na kila kukicha wawili watatu wamekufa. Venant akaongeza mkaa. Akaingia kusoma kipimo, akatoka, akaingia tena.

Siku moja ya mvua Rebeka alikuwa barazani akichambua mchele, akimtazama mumewe akiingia na kutoka gerejini. Mlango wenyewe ni wa kupitisha gari. Kila Venant alipoufungua, upepo wote wa ziwa uliingia naye. Akaweka ungo chini.

"Baba Josephat, baridi ni wewe."

Akaenda akaupiga mlango kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Mkaa angeongeza yeye, asubuhi na jioni tu. Venant akanuna, akaizunguka gereji mpaka akachora njia kwenye tope.

Kesho yake alipanda juu ya ndoo, akachungulia kidirishani. Vifaranga wametawanyika sakafuni, wamejilalia, hakuna aliyekufa. Alifurahi, kisha moyo ukamuuma.

"Hawanihitaji," alisema akishuka. "Sasa mimi nifanye nini, Mama Josephat?"

Rebeka akamsogezea kigoda.

"Kaa."

Akakaa, magoti yakimchezacheza, macho kwenye ule mlango.