Namba ya Ndege Mbele ya Mama Kavira

Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilipata bursi, ufadhili wa kusoma Ubelgiji, na ningesafiri kwa ndege mpya ya jeti, 707. Mama alikataa niondoke kabla kaka yake wa Walikale hajanibariki. Nilimuuliza baraka inasaidia nini injini. "Inanisaidia mimi," akajibu.

Asubuhi, Karuba, kwetu. Nilipanda kamio, lori la viazi. Kila tulipokuta ng'ombe barabarani, dereva aliwaomba njia kwa heshima ambayo sisi abiria hatukuionja.

Baada ya Masisi, vilima vya malisho viliisha, hewa ikawa nzito, na msitu ukatufunika.

Jioni, Walikale. Mujomba alinikaribisha kwa ndizi na sombe ya majani ya muhogo, kisha akainua mkono anibariki. Mke wake, Mama Kavira, ni mtu wa Lubero, ambako mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa.

"Hiyo ndege inaitwa nani?" akauliza.

"Saba-sifuri-saba."

"Eh! Kwetu ukisema Kambale, nauliza Paluku iko wapi, juu njo mukubwa wake. Hawa mia saba na sita wako wapi? Walianguka?"

Mujomba akashusha mkono. "Jibu mama yako, musomi."

Nikaeleza nilichosoma gazetini: kiwanda kiligawa namba kwa makundi, mia saba zikawa za jeti, na 707 ilichaguliwa kwa sababu inapendeza masikioni. Hakuna aliyeanguka, wengi hawakuzaliwa kabisa.

"Nitakayopanda ni 707-329," nikaongeza. "Tatu ni aina yake. Ishirini na tisa ni mnunuzi, kampuni ya Wabelgiji. Ishirini na nane ni Wafaransa."

"Na wakiiuzisha kwa wengine?" akauliza Mama Kavira.

"Inabaki ishirini na tisa mpaka kufa."

Alicheka mpaka akafuta macho. "Kumbe iko kama mimi! Nimeolewa huku muporini, nimezeeka, na bado niko Kavira wa Lubero. " Akamgeukia mumewe. "Papa, mubariki. Lakini wewe, mutoto, usiturudilie na namba ingine!"

Mkono wa mujomba ukatua kichwani pangu, mzito, wenye harufu ya moshi.

Kesho yake nilirudi Karuba. Njiani niliona kwamba nilikuwa nimejibu kuhusu ndege tu, na Mama Kavira tangu mwanzo alikuwa akiuliza juu yangu, kama nitabaki mtu wa kwetu. Mama alinisikiliza mlangoni, kisha akaanza kukunja mashati yangu ya safari.