Ugonjwa wa Kujiitikia Hodi

Mimi na kile kitabu cha kuainisha magonjwa ya akili hatujawahi kuelewana. Wenzangu wa Dar wanakisifu: kila mgonjwa na namba yake, mambo yamekwisha. Mimi ni daktari wa akili peke yangu hospitalini hapa Tanga. Sina mwenzangu wa kubishana naye, basi nabishana na kitabu.

Jumatano moja mjane wa Tongoni, mtu mzima aliyemaliza eda zamani, aliletwa na shemeji yake. Kosa lake ni kwamba akirudi nyumbani hupiga hodi mlangoni pake, kisha hujiitikia mwenyewe, "Karibu." Majirani walishasema kaingiwa na wazimu.

"Shikamoo, mama. Unamsikia marehemu akikujibu?"

"Marahaba, mwanangu. Ningemsikia, ningejijibu mwenyewe?"

Nilicheka. Nikamuuliza yote yanayopaswa kuulizwa: usingizi, chakula, mawazo. Akili yake ilikuwa timamu kuliko ya shemeji yake. Kompyuta yetu haifungi faili bila namba, nikaweka ile ya mtu aliyechunguzwa akakutwa mzima. Niliona raha, nimekishinda kitabu.

"Huna ugonjwa, mama. Nenda zako nyumbani."

Shemeji akashusha pumzi. Mama hakuinuka.

"Ndo kusema nisije tena?"

"Mzima aje hospitali kufanya nini?"

Akatazama benchi la nje, ambako wagonjwa wa kliniki walikuwa wakimegeana mihogo na kuulizana habari za watoto.

"Pale nimekaa tangu asubuhi, kila apitaye ananisalimu," akasema. "Kwangu hodi haina wa kuiitikia."

Niliumia, maana mlango wa namna hiyo naujua. Kwangu, mtaa wa Mabawa, najifungulia mwenyewe, nawasha redio ili nyumba iwe na sauti ya mtu. Kitabu kizima kile, na sikuona ndani yake namba ya kukosa wa kukwambia karibu.

Nikaifungua faili upya, nikaandika sonona, ile hafifu isiyohitaji dawa. Sikuiamini hata kidogo, ila ndiyo iliyokuwa na tarehe ya kurudi.

"Uje Jumatano ijayo, mama."

"Inshallah," akasema, akainuka na kujitanda khanga yake vizuri, kama aliyealikwa harusini.

Jumatano hiyo nilifika kliniki kabla ya wagonjwa wote. Zamu yake ilipofika akasimama mlangoni, akapiga hodi. Nikaitikia "Karibu!" kwa sauti kubwa mno, hata muuguzi akaja kuchungulia kuna nini.