Bi Usiguse na Msuli Wake

Maabara nzima humwita Bi Usiguse, maana hilo ndilo neno lake la kwanza ukiisogelea meza yake. Mbele yake, ndani ya kibakuli cha maji ya chumvi ya vuguvugu, hulala ukanda wa msuli kutoka kwenye njia ya hewa ya ng'ombe, mwembamba kama kamba ya kiatu. Huuchoma kwa sindano ya kioo iliyo nyembamba kuliko unywele, aone kama umeme wa seli hutangulia mkazo. Shida ni kwamba msuli ukijikaza, sindano huchomoka. Yeye hupangusa miwani kwa pindo la koti, huvuta kiti, huanza upya bila hata kuguna.

Leo sindano imeshika. Mistari miwili inapanda kwenye skrini, wa umeme mbele, wa mkazo nyuma. Fundi wa meza ya jirani anasikia mluzi mwembamba, anadhani ni mashine, kumbe unatoka kifuani mwa Bi Usiguse mwenyewe. Midomo imempauka, lakini kikohozi amekibana kwa meno, kwani kikimtoka meza itatikisika.

"Dada, hiyo pumu! Inuka!"

Anatikisa kidole tu. Fundi anapekua mkoba wa Bi Usiguse, anamwekea pampu ya pumu mdomoni. Bi Usiguse anavuta, anavuta tena, macho hayabanduki kwenye skrini. Mluzi unalegea. Ndipo anapochukua mezani kichupa cha dawa ileile ya kulegeza msuli wa njia ya hewa na kukiinamisha polepole juu ya kibakuli.

"Mimi nimeshapata yangu," anasema kwa sauti ya kukwaruza. "Sasa tumpe na mwenzangu."